Bibi Foleni na Ini la Mjukuu Wake

Jina la Bibi Foleni alipewa na watu wasiompenda, naye akalipokea kama cheo. Alikuwa karani wa mapokezi katika kituo cha afya kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akimpitisha mtu kwa kumwonea huruma. Dirisha lake lilikuwa na kioo chenye ufa na tundu la duara la kuzungumzia, na tundu hilo lilitobolewa chini mno, kiasi kwamba kila mgonjwa alilazimika kuinama mbele yake ili asikike. Fundi alikuja mara mbili kulipandisha. Mara zote mbili Bibi Foleni alimrudisha alikotoka, akisema liko sawa kabisa.

Kazi yake ilikuwa kugawa vibao. Kibao chekundu alipewa aliyezimia au anayevuja damu, cha njano aliyevunjika au anayehema kwa shida, na cha kijani wengine wote, yaani karibu kila mtu. Homa, iwe ya mzee au ya mtoto, ilikuwa kijani, na juu ya hilo hakutaka mjadala. "Homa haijamuua mtu kwenye benchi langu," alipenda kusema, na alikuwa akisema kweli, kwa sababu waliozidiwa walihamishiwa hospitali kubwa, wakafia huko kwenye mabenchi ya watu wengine.

Nyumbani nako aligawa vibao, ila havikuonekana. Mwanawe wa pekee, fundi wa majokofu, mtu mpole wa kupita kiasi, alipofikia umri wa kuoa alimletea wachumba watatu kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alikuwa na babu asiyejulikana, wa pili alicheka kwa sauti kubwa, wa tatu alitoka kwa watu ambao Bibi Foleni alisema hawaeleweki, na hakufafanua ni nini hasa hakukielewa. Yeye alitaka damu anayoijua. Akamtafutia mwenyewe: msichana mshonaji, mtaratibu, mjukuu wa binamu ya mama yake. "Huyu ni wetu," akasema, na mambo yakaisha. Hivyo ndivyo alivyoolewa yeye, na hivyo ndivyo alivyoolewa mama yake, na kila harusi katika ukoo ule ilikuwa mkusanyiko wa watu wenye pua moja wakipongezana.

Katika ndoa hiyo alizaliwa mtoto wa kike, ambaye kwa kuwa hakunyamaza tangu siku alipojua kusema, aliitwa Kasuku. Hapa lazima nimtendee haki Bibi Foleni: alimpenda mtoto huyo kwa roho yake yote. Kasuku alikuwa binadamu pekee aliyeruhusiwa kumkata kauli. Alimvua bibi yake miwani, akaivaa, akaamrisha viti vya sebuleni vikae kwa mstari, na bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kasuku alipokuwa na miaka miwili na nusu alipata homa. Ilianza Jumatatu, na kikohozi cha kawaida. Jumatano alianza kutapika kila alichomeza. Ijumaa weupe wa macho yake uligeuka njano, na Jumamosi alikuwa akimtazama mama yake bila kumtambua. Walipomfikisha hospitali kubwa waliambiwa kwamba ini limeacha kufanya kazi, damu haigandi, sukari imeshuka, na wawe tayari kwa lolote. Wakakaa roho juu kwa siku tisa. Siku ya kumi ini likaanza kazi tena taratibu, lenyewe, kama mfanyakazi aliyetoroka kazini akarudi bila kutoa maelezo. Baada ya wiki mbili Kasuku alikuwa nyumbani, anapanga viti.

Sasa kila mtu akawa mtaalamu wa ini. Jirani alisema ni maji ya bomba. Shemeji wa jirani alisema ni dawa ya panya. Daktari mmoja alisema ni virusi, wakapima virusi vyote walivyovijua, wasipate kitu, naye akasema basi ni virusi wasivyovijua. Mwingine alimkalisha mama mtu kwenye kiti akamhoji: alimpa mtoto dawa ya homa vijiko vingapi, saa ngapi, kijiko cha ukubwa gani, na je, hakumnywesha mitishamba? Mshonaji yule, ambaye mikono yake ilipima nguo za watu bila kukosea hata nusu inchi, alijibu kila swali huku akilia. Na Bibi Foleni, badala ya kumshika mkono, alimwambia daktari kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye korido, "Mkwe wangu ana mkono mzito, anazidisha dawa. Mimi nimeshamwambia." Tangu siku hiyo kila chupa ya dawa iliyoingia nyumbani mwao ilipigwa alama ya kalamu na mama mkwe, ili ijulikane imepungua kiasi gani.

Mwaka mmoja baadaye Kasuku akapata homa tena. Safari hii mama yake hakungoja. Siku ile ile ya kwanza alimbeba mpaka kituoni, akainama kwenye tundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Namba arobaini na tatu. Kaa kule mwisho."

"Mama, ana homa. Mara ile ilianza hivi hivi."

"Wote unaowaona hapa wana homa. Nikikupitisha wewe, watu watanionaje? Kaa."

Akakaa saa nne. Kasuku akaimba, akasinzia, akaamka na kiu. Tabibu alimwona kwa dakika tatu, akaandika mafua. Jioni Bibi Foleni aliwasimulia wageni wake kisa hicho kwa kujipiga kifua: damu yake mwenyewe imekaa benchi kama watu wengine, nani mwingine kwenye serikali hii angeweza? Wageni wakamsifu. Siku ya nne macho ya Kasuku yalikuwa ya njano, na ya sita alipoteza fahamu.

Alilazwa hospitali kubwa majuma matatu. Alikuta huko daktari wa ini, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye raba miguuni, ambaye aliongea polepole na kusikiliza polepole vilevile. Daktari huyo alisoma faili lote, kisha akauliza swali ambalo wahoji wa vijiko hawakuliuliza.

"Mara zote mbili, homa ilitangulia?"

"Ndiyo," akasema mama mtu.

"Homa kwanza, ini baadaye? Na katikati ya hizo mara mbili mtoto mzima kabisa?"

"Mzima. Anatuchosha kwa maneno."

"Basi habari za mitishamba tuziache. Mtoto hawezi kulishwa sumu mara mbili na mara zote mbili akaanza kwa kukohoa."

Akachukua damu ya mtoto na ya wazazi wote wawili, ikapelekwa mbali kupimwa vinasaba, na majibu yakachukua miezi mitano. Katika miezi hiyo Bibi Foleni hakukaa bure. Alitangaza mtaani majibu kabla hayajafika: tatizo limetoka upande wa mkamwana. Alisahau kwamba upande wa mkamwana na upande wake ni upande mmoja, na kwamba sifa za damu hiyo alizimwaga mwenyewe siku ya posa.

Siku ya majibu waliitwa wazazi wawili. Bibi Foleni alikwenda pia, bila kuitwa, akakaa kiti cha katikati. Daktari akawaeleza. Kila mtu, alisema, ana nakala mbili za maagizo ya kuujenga mwili, moja ya baba na moja ya mama. Kuna agizo moja linalohusu protini ambayo ini linaihitaji. Kwa Kasuku nakala zote mbili zina kosa lile lile, kwa hiyo protini yake ni dhaifu. Siku za kawaida inajikongoja na kazi inakwenda. Mwili ukipata joto la homa, inaharibika, na ini linaanguka ndani ya siku mbili tatu. Baba ana nakala moja nzima na moja mbovu, mama vivyo hivyo, ndiyo maana wao hawaumwi.

"Mna undugu?" akauliza.

Fundi wa majokofu akatazama viatu vyake. Mshonaji akamtazama mama mkwe wake.

"Si undugu wa karibu," akasema Bibi Foleni. "Ni watu tu tunaojuana."

Daktari akachukua karatasi, akaanza kuuliza nani alimzaa nani, akichora mistari. Kwa watu wengine mistari hiyo hupanuka ikienda juu. Ya kwao ilipanda kidogo, ikaanza kurudi ndani, na kwenye babu wa babu ikakutana. Daktari aliigeuza tu karatasi ili nao waione.

"Hili si kosa la mtu," akasema. "Watu wengi wanabeba kosa kama hili maisha yao yote bila kujua. Baba wa mtoto amelipata kwako wewe, mama, au kwa baba yake."

"Kwa baba yake," akajibu Bibi Foleni bila kumeza mate. Marehemu mumewe, ambaye hata alipokuwa hai hakuwa mbishi, hakupinga. "Nipimeni hata mimi, muone."

Wakampima. Ilikuwa kwake. Alipoitwa kuambiwa, safari hii na mwanawe tu, daktari alimuuliza swali moja la mwisho ili ajaze fomu: "Umewahi kupoteza mtoto mdogo? Homa, kutapika, macho ya njano?"

"Hapana," akasema Bibi Foleni.

Alikuwa amepoteza. Miaka thelathini na minne iliyopita, kabla fundi wa majokofu hajazaliwa, alikuwa na binti. Alifariki akiwa na miaka mitatu, katika homa ya tatu, wa njano kama Kasuku. Siku mbili kabla ya homa hiyo, wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amemtembelea na kumpa mtoto kikombe cha maziwa. Msibani, mbele ya watu wote, Bibi Foleni alimnyooshea wifi yake kidole akasema, "Huyu ndiye aliyemlisha." Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyempiga, lakini tangu siku hiyo watu wakawa wanafunika vyakula vyao wifi akiingia. Mchumba wake akapotea. Wifi alikuwa akiishi mitaa minne tu kutoka hapo, peke yake, na fundi wa majokofu alikua akijua kwamba ana shangazi asiyetajwa na asiulize kwa nini.

Kwa hiyo ile "hapana" ilikuwa na sababu. Angesema ndiyo, angelazimika kuiondoa dhambi aliyomtwisha mwenzake na kubaki nayo mkononi, na mikono ya Bibi Foleni ilikwisha kuzoea kugawa, si kupokea.

Daktari aliwapa barua. Iliandikwa kwa maneno mafupi: mtoto huyu akipata homa yoyote, ishushwe mara moja kwa dawa iliyopimwa kwa uzito wake, atundikiwe dripu ya maji ya sukari siku hiyo hiyo, apimwe ini, ahamishiwe kwetu. Msingoje manjano. Hayo maneno mawili ya mwisho yalipigiwa mstari. Aliwaambia kwamba akishavuka utoto homa hizi hupungua makali, kwa hiyo kazi yao ni moja tu, kumvusha. Homa ya tatu ikicheleweshwa, akasema, hawezi kuwaahidi kwamba ini litarudi.

Homa ya tatu ilikuja asubuhi ya siku ya kazi, Kasuku akiwa na miaka minne na miezi kumi. Mama yake alipima joto, akampa dawa kwa bomba la kupimia, akachukua barua, akatoka mbio na mtoto mgongoni. Benchi lilikuwa limejaa mpaka ukutani. Alikwenda moja kwa moja dirishani, na hakuinama. Alibandika barua kwenye kioo juu ya ufa, usawa wa macho ya mama mkwe wake.

"Nyekundu," akasema.

Mgongoni mwake Kasuku alipunga mkono. "Bibi, nina homa! Nimekunywa dawa chungu na sikulia!"

Bibi Foleni alimtazama mtoto. Alikuwa mchangamfu, macho meupe, mdomo haufungi. Kwa sheria zote alizowahi kuzitetea, huyu alikuwa kijani wa kijani. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kibao cha kijani, ukakaa hapo, kisha ukachukua chekundu.

Benchi likachemka. "Mtoto anaimba, anapewa nyekundu?" alifoka dereva mmoja mwenye jipu shingoni. "Juzi mke wangu alitapika hapa hapa ukampa namba hamsini!" Mama mwingine akasema leo ndiyo leo, foleni imejifungua mjukuu. Watu wakacheka kicheko kilichokuwa kimekaa tumboni kwa miaka ishirini na sita. Bibi Foleni akatoka nyuma ya dirisha, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona, akawapitisha mkamwana na mtoto mpaka chumba cha tabibu.

Tabibu alikuwa kijana aliyefundishwa vibao na Bibi Foleni mwenyewe. Alimgusa Kasuku paji la uso, akamwangalia macho, akasoma barua juu juu.

"Mama, joto limeshaanza kushuka. Macho safi. Hawa wa hospitali kubwa wanaandika kila kitu ili wasilaumiwe. Nikimtundikia dripu mtoto anayecheza, watu wa nje watanitafuna. Tumwangalie mpaka kesho kutwa."

"Kesho kutwa atakuwa wa njano."

"Umejuaje?"

Mlango ulikuwa wazi. Dereva mwenye jipu alikuwa amesimama kizingitini kusubiri aone haki ikitendeka, na nyuma yake shingo zote za benchi zilikuwa zimerefuka. Mshonaji alikuwa amemkumbatia mwanawe, anamtazama mama mkwe wake.

"Kwa sababu nimeshazika mmoja," akasema Bibi Foleni. "Binti yangu wa kwanza. Homa ya kwanza akapona, ya pili akapona, ya tatu nikaambiwa tumwangalie. Alikuwa akicheza vilevile. Siku ya nne hakunijua. Ugonjwa huu umetoka kwangu, umo kwenye damu yangu, nimepimwa. Mtundikie dripu."

Dereva akashusha macho. Tabibu akatafuta mshipa, na dripu ikaanza kudondoka kabla ya saa tatu na nusu.

Mchana huo huo Kasuku alihamishiwa hospitali kubwa. Vipimo vya ini vilipanda kidogo, vikatulia, vikashuka. Hakugeuka njano. Hakutapika hata mara moja. Siku ya nne, siku ile iliyokuwa ya kuogopwa, alikuwa kitandani anamfundisha muuguzi jinsi ya kupanga vikombe.

Mtu angedhani benchi lingefurahi. Lakini mtoto aliyezuiwa kuumwa hana tofauti na mtoto ambaye hakuwa anaumwa, na mtaani ikaenea kwamba Bibi Foleni aliigiza, akazua mpaka maiti ili kumpitisha mjukuu wake. Malalamiko yakaandikwa. Mkuu wa kituo akampa onyo la maandishi kwa upendeleo, akinukuu kanuni ambazo mwandishi wake alikuwa Bibi Foleni. Alilisoma onyo mara mbili, akatia sahihi, akasema limeandikwa vizuri.

Lililomuuma halikuwa hilo. Siku waliyomrudisha Kasuku nyumbani, mkamwana alimwita jikoni, akaweka mezani chupa zote za dawa zenye alama za kalamu.

"Daktari alikuuliza, mama. Mume wangu alikuwepo, ameniambia. Ukasema hapana."

Bibi Foleni akaigeuza chupa moja ili alama isionekane.

"Ulijua mtoto anaweza kuwa hivi bila mtu kumfanya kitu. Na miaka yote hii unahesabu vijiko vyangu."

"Sikujua, mwanangu. Nilikataa kujua."

"Kwangu mimi ilikuwa ni kitu kimoja," akasema mshonaji, akazitupa chupa moja baada ya nyingine kwenye pipa la taka. Hakupaza sauti, na hakumwomba aondoke wala abaki.

Kesho yake, baada ya kazi, Bibi Foleni alitembea ile mitaa minne. Alikuta mlango umeegeshwa na wifi yake ameketi kwenye kiti cha plastiki, anachambua mchele kwenye sinia. Alikuwa amezeeka kuliko alivyostahili. Bibi Foleni, aliyezoea kuinamiwa, hakujua asimameje mlangoni pa mtu.

"Hodi, wifi."

"Umeshaingia."

"Nimekuja kukuambia kwamba yule mtoto hakuna aliyemlisha kitu. Ilikuwa damu yetu. Imepimwa, imeonekana. Wewe hukuwa na kosa. Nisamehe."

Wifi aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje.

"Kwamba sina kosa nalijua tangu siku ile. Hukuja kuniambia kitu kipya. Siku ile hukunong'ona, wifi. Ulisimama msibani, ukawaambia watu. Hao umeshawaambia?"

"Wengi wameshakufa."

"Anza na walio hai."

"Hata siwakumbuki wote waliokuwepo," akasema Bibi Foleni.

Wifi akaweka sinia chini, akaanza kumtajia mmoja mmoja, na nani alikaa wapi, na hakuhitaji kufikiri.